Skrubu ya Fundi Katana

Mwanamke anapokalia eda huambiwa mengi ya kutofanya. Asitoke, asijipambe, asitie manukato, asionane na wanaume wasiokuwa maharimu wake. Lakini hakuna aliyeniambia nifanye nini na masikio yangu. Tangu Mselem wangu afariki nimo chumba hiki cha juu hapa Kibokoni, nguo nyeupe mwilini na tasbihi mkononi, na dirisha langu liko juu ya baraza ambayo wanaume huikalia baada ya alasiri na kahawa yao. Sichungulii, msinisingizie. Mimi nimekaa tu kwangu, na maneno yanapanda yenyewe. Juzi yalipanda maneno ya mtu ambaye sikuwa nimemsikia kwa miaka mingi, sauti nzito yenye kikohozi kifupi kabla ya kila jambo, na kabla hajatajwa jina nilishamjua. Alikuwa Fundi Katana, aliyekuwa akitengeneza gari aliloliendesha mume wangu zamani kule Shimanzi. Ametoka Rabai na mkongojo wake kuja kutoa makiwa. Nikaiweka tasbihi chini.

Alichokisema nitakifikia. Kwanza niwaeleze mwaka wenyewe, mwaka wa tisini na tatu, maana bila huo maneno yake ni kichekesho cha barazani tu, na wale wazee walikicheka kweli kweli.

Mwaka ule niliingia chumba hiki hiki bibi harusi. Kitanda cha samadari kilikuwa pale kilipo sasa, kabati la kioo upande wa kibla, mkeka katikati, feni lililokwaruza kila likifika pembe ile ya mlango, na chini ya kitanda sanduku langu la bati nililokuja nalo kutoka Vanga. Chini aliishi Bi Rukia, mwenye nyumba, mjane aliyekuwa akikaanga mahamri kila asubuhi huku akizitukana kuni zake. Dirishani kulikuwa na kikapu chenye kamba. Ndivyo tulivyonunua vitu sisi wake wa juu: unateremsha kikapu, muuza mboga anatia mchicha wake, unavuta. Kwa siku nzima mazungumzo yangu na dunia yalikuwa ni hayo. "Teremsha, bibie." "Vuta, bibie." Mtu akiniuliza leo mwaka ule nilizungumza na nani, nitamwambia nilizungumza na kikapu.

Mselem alikuwa dereva wa tajiri mmoja, Mhindi Muislamu mwenye duka mjini na ghala Shimanzi. Aliuza sabuni, mafuta ya kupikia, viberiti na sukari kwa wenye maduka ya Voi mpaka Taveta, na ili awafikie alinunua pikapu mpya ya dizeli, nyeupe, ina plastiki bado kwenye viti. Pikapu ile ilikuja na gavana ya kiwandani. Nilijifunza neno hilo kabla sijajifunza majina ya majirani. Gavana ni kizuizi cha mbio, nayo kwenye gari lile ilikuwa skrubu ndogo tu kwenye pampu ya dizeli, imefungwa kwa waya mwembamba na lakiri ya risasi ili mtu asiichezee. Ikifika themanini basi. Kanyaga utakavyo, omba utakavyo, gari halisikii. Kwa hivyo Mselem aliondoka baada ya sala ya alfajiri na kurudi isha imeshasaliwa, mavumbi mpaka kwenye kope. Nitakuwa nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nimeufunika kwa kawa, nimejifusha udi. Atakula matonge mawili. La tatu nitalikuta shavuni, na yeye amelala hapo hapo mkekani, mkono umening'inia juu ya sinia. Wacheni kucheka. Mimi wakati ule sikucheka, nilimtoa tonge mdomoni kwa kidole nikalia.

Bi Rukia alinisikia, maana dari za nyumba hizi hazifichi kitu. Asubuhi aliniambia, "Mwanangu, mume wa gari ni hivyo. Nyumba yake ni barabara, wewe ni kituo." Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mambo yote yana dawa, na Jumapili moja Mselem alipokuwa nyumbani, amenyoosha miguu, nilimuuliza, "Kwani hilo gari haliwezi kwenda mbio zaidi?" Akainuka akakaa. Naona alikuwa akilingoja swali hilo. "Linaweza," akasema. "Wamelifunga tu. Likifunguliwa, magharibi nishafika, wallahi. Tutakula pamoja kama watu." Akanieleza habari ya skrubu kwa kutumia kifuniko cha chupa ya marashi, akikizungusha hivi na hivi, na mato yake yaking'ara, nami nikamwambia, "Basi lifungue, wangoja nini?"

Fundi Katana ndiye aliyelifungua. Alikuwa na kibanda chake ubavuni mwa ghala moja Shimanzi, malori yakimpita karibu ya kumkanyaga visigino, na sifa yake ilikuwa mikono. Alikata ule waya, akaizungusha skrubu, kisha akafunga waya mpya na lakiri mpya ya risasi, akaibana kwa koleo kwa namna ambayo hata aliyeitia ya kwanza asingejua. Jumapili iliyofuata Mselem alinipakia akanipeleka hadi Mazeras kunionesha. Tulipopita Changamwe na barabara ikanyooka, akaikanyaga. Mamaangu! Nilishika mlango kwa mikono miwili, buibui limenipanda usoni, sioni kitu, nampigia kelele apunguze na nacheka, na yeye anacheka, na injini inalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Sijawahi kuwa na furaha kama ile ya kwenye gari lile. Nasema kweli, na nimepata watoto, na nimehiji.

Mwezi ule wote wa mfungo mosi ulikuwa wangu. Jua halijatua, nasikia hatua zake ngazini. Tulikula pamoja, akawa anamaliza wali na kukwangua sinia, akinisimulia nyani wa Maungu na wenye maduka wa Taveta wanaogombania sabuni. Jioni nyengine tulikwenda hadi Kizingo, tukapita chini ya ile miti ya majumba makubwa ambako hakuna anayekwenda kwa miguu ila sisi na mayaya, tukala mihogo ya kukaanga karibu na mnara wa taa, pilipili na ndimu zikatuchoma midomo. Nilijiona nimeshinda.

Lakini tajiri hakuwa mjinga. Siku moja alisimama mlangoni mwa ghala akaiona pikapu yake imesharudi kutoka Taveta, tupu, na jua bado liko juu. Mselem alinisimulia maneno yake yalivyokuwa, akimuigiza na ile tabia yake ya kujishika ndevu. "Mashallah, Mselem! Gari yako iko na baraka. Sasa ukirudi hivi, pakia ya Malindi, haiwezi kulala bure." Basi tangu hapo ikawa akitoka Taveta anapakia ya Malindi, huko Malindi analala juu ya magunia katika stoo ya mwenye duka, asubuhi anarudi Shimanzi kupakia ya Taveta. Nyumbani alikuja kuoga na kubadili shati. Nilimwambia, "Mwambie tajiri wako hapana." Akanitizama kwa masikitiko. "Nimwambie nini, Zuhura? Nimwambie gari haikimbii, na yeye mwenyewe ameiona yakimbia?"

Tulifungua mbio ili tupate jioni zetu, na mbio zile zile zikazichukua. Nikabaki na feni na mkwaruzo wake. Kwa ukaidi niliendelea kupika cha watu wawili. Nilipakua sahani yake nikaifunika kawa, asubuhi nikaifunua, nikawarushia paka. Walinenepa paka wa Kibokoni mwaka ule, hata wauza samaki wakawa wanawashangaa. Nilijifunza sauti za watu wa chini bila kuwajua sura zao: mzee mmoja aliyekuwa akilalamika juu ya goti, mwengine aliyesifu kahawa kila siku kama ameionja siku ile. Nilikuwa nikijibu maneno yao polepole, peke yangu, nyuma ya dirisha. Wakiulizana hali, nami nasema, "Sijambo, alhamdulillahi." Siku nilipojisikia nikifanya hivyo niliogopa, nikajua nitaharibikiwa akili katika chumba hiki.

Ndipo nilipolivuta sanduku. Nilikunja leso zangu, nguo zangu, na marashi niliyotunzwa harusini, nikalifunga, nikalisukuma hadi karibu na mlango. Nia yangu ilikuwa maulidi yakipita nirudi Vanga kwa mamangu na nisirudi tena. Sikutaka ugomvi. Sikuwa na la kugombania, mtu mwenyewe hayupo. Jumatano Mselem alikuja kuoga. Akaliona. "Hili mbona limetoka?" Nikamwambia, "Nafagia chini ya kitanda." Alilitizama kidogo, akamaliza kufunga vifungo vya shati, akanywa maji, akaondoka. Hakuuliza la pili. Nilisikia hatua zake zikishuka ngazi na nilimchukia, siwafichi, nilimchukia kwa kutouliza la pili.

Ijumaa ndiyo siku pikapu ilipokuwa ikitiwa girisi. Fundi Katana huimaliza kabla ya sala, huja kuiegesha Ndia Kuu kwa kuwa vichochoro vyetu gari haliingii, kisha huleta ufunguo kwa miguu. Mselem anakuwa msikitini, kwa hivyo mimi huteremsha kikapu, ufunguo unatiwa, fundi anaivuta kamba mara mbili kuniashiria, nami napandisha. Hatukuwahi kuzidisha salamu. Ijumaa ile ufunguo ulipofika juu sikufunga dirisha.

"Fundi."

"Naam, bibie."

"Ile skrubu muliyoifungua, ifunge."

Akakohoa. "Skrubu ipi tena, bibie?"

"Usinifanye mtoto. Skrubu ya mbio."

Nilimuona kwa upenyo wa dirisha, kofia yake ya mafuta mafuta, anatizama mkono wa kulia na wa kushoto wa kichochoro, anafungua mdomo kusema jambo, anaufunga. Nilidhani ananidharau. "Bibie," akasema mwisho, "mwenye gari..."

"Mwenye gari ni tajiri. Mwenye dereva ni mimi." Sikutaka, lakini nililia, na mtu wa chini hakioni kilio ila anakisikia vizuri sana.

"Basi, bibie, basi. Usilie. Nitaikaza."

"Na Mselem asijue."

"Ah!" Akacheka kidogo, akacheka kweli, nami nikakasirika. "Kwangu hatajua, bibie."

Nilitia kikapuni ufunguo, na mahamri ya Bi Rukia yaliyokuwa moto bado, nikateremsha. Akaondoka nayo anatafuna. Sala haijamalizika alikuwa amesharudi, ufunguo ukapanda, kamba ikavutwa mara mbili.

Jumatatu pikapu ilikwenda Taveta, au niseme ilijikokota. Mlima wa Mazeras ilipitwa na malori ya makaa, ikapitwa na basi bovu, na Mselem alirudi Shimanzi saa ambazo mizigo ya Malindi ilishakataliwa na wenyewe. Tajiri alifunua boneti akaikagua lakiri. Nzima, haina hata mkwaruzo. Akaingia mwenyewe, akaendesha hadi Miritini na kurudi, akashuka amelowa jasho akisema gari hii imetiwa jicho. Baada ya muda akanunua lori, akaajiri dereva mwengine wa Taveta na Malindi, na pikapu akaipa kazi ya mji: kutoa bidhaa ghalani Shimanzi na kuzigawa madukani. Mselem alibaki nayo. Nilitaraji atahuzunika, maana dereva wa mbali kufanywa wa mjini ni kushushwa mbele za wenziwe. Siku ya kwanza ya kazi hiyo adhuhuri nilisikia hatua ngazini, akaingia, akaliona sanduku bado liko pale mlangoni. Akalisukuma kwa mguu polepole mpaka likaingia chini ya kitanda. Akakaa mkekani, akasema, "Umepika nini?"

Tangu siku ile hatukukosa kula adhuhuri pamoja mpaka tajiri alipofunga ghala, na baada ya hapo pia, mpaka maradhi yalipomzuia kula. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa na siri yangu tamu. Namtizama anachambua samaki, nasema moyoni, hujui wewe, mimi ndiye niliyekurudisha. Mara nyengine nilimfuma naye ananitizama juu ya sinia, anacheka peke yake. "Wacheka nini?" "Nacheka tu, mke wangu." Nikadhani ni mtu mwepesi wa kucheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka pia, Mungu amrehemu.

Sasa rudini barazani. Juzi, kahawa imeshapita mara ya pili, Fundi Katana alikohoa akaanza. "Mimi huyu Mselem nitawaambia nilimjua lini hasa. Alinijia Shimanzi siku ya Alhamisi, amekuwa mweupe kama amemuona shetani. Akaniambia, Katana, mke wangu ametoa sanduku. Aniambia yuwafagia. Mtu hafagii na leso zake zikawa hazipo kwenye kamba ya nguo. Rudisha skrubu kama ilivyotoka kiwandani. Nikamwambia, wewe, tajiri akijua atakufukuza. Akasema, na anifukuze, nitasukuma mkokoteni, lakini nikirudi nisiikute nyumba tupu. Na akaniapisha nisimwambie mtu, na kuliko wote mkewe. Sitaki ajue kama nililielewa lile sanduku, alisema, ataona haya mbele yangu."

Wazee wakasema mashallah. Tasbihi ilikuwa chini na sikumbuki kuiokota. Kisha yule wa goti, maana bado yuko na goti bado linamuuma, akasema, "Lakini Katana, ukiirudisha ya kiwandani itakwenda themanini. Mbona ile gari ilikuwa haipandi hata Mazeras? Mji mzima uliicheka."

Kikohozi. "Kwa sababu kesho yake alinijia mtu mwengine na ombi lile lile. Alilia. Sasa mimi ningefanyaje, nduguzangu? Nikimwambia imeshafungwa, nimevunja kiapo cha Mselem. Nikimkatalia, yuwalia. Nikaizungusha tena nusu."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. "Nani huyo? Nani, Katana?"

"Hayo, wazee wangu, si yenu." Na hapo akainua sauti, akaitoa juu kabisa, sauti ya mtu anayezungumza na ghorofa. "Mwenyewe akinisikia atajijua. Mimi nina umri huu, sitaki kwenda nayo kaburini. Mselem nilimficha la mtu huyo, na mtu huyo nilimficha la Mselem, na wote wawili walinilisha vizuri."

Niliziba mdomo kwa leso. Nilikuwa nimeshalia sana mazishini na siku za matanga, lakini kilio hiki kilikuwa chengine, kilikuwa na hasira ndani yake. Miaka yote tumekaa sinia moja, kila mmoja akimcheka mwenziwe kwa jambo lile lile, na hakuna aliyefunua mdomo. Ningemwambia jioni moja tu. Tungecheka mpaka Bi Rukia, enzi zake, atugongee dari kwa mwiko. Sasa nimelijua na sina wa kumwambia, na chumba ni kile kile, na feni jipya halikwaruzi hata.

Wazee walipokwenda kusali magharibi, nikasikia kikohozi cha Katana kimebaki peke yake barazani, nilimuita binti yangu Swafiya anipatie mahamri ya jikoni, yawe moto. Kikapu kiko bado msumarini, kamba ni mpya. Nikayafunga karatasini, nikateremsha bila kusema neno, bila kuchungulia. Nikasikia mkongojo ukisogea, karatasi ikichakarika, kisha kamba ikavutwa mara mbili.

"Vuta, bibie," akasema Fundi Katana. Kikapu kilipanda chepesi.

Kesho yake adhuhuri nilimwambia Swafiya alete sahani mbili. Alinitizama, akaleta, akashuka. Nilikaa mkekani nikafunua kawa.

"Kumbe wewe ndiye uliyekaza kwanza," nikaiambia ile sahani ya pili.